Nyumba Yetu: Nunua Kurunzi ya Kutambua, Si ya Kupigia

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mjini utakuta nondo madirishani, kufuli mbili mlangoni, na panga au rungu limelazwa uvunguni mwa kitanda cha baba. Yote hayo yamewekwa kwa ajili ya mgeni wa usiku asiyealikwa. Lakini mwulize baba huyo kurunzi iko wapi, atatazama huku na huku. Mara iko kwa watoto, mara betri zake zimehamishiwa kwenye redio, mara jirani aliiazima juzi kwenye msiba na hajairudisha. Yaani tumejiandaa kumpiga mtu ambaye hatujajiandaa kumwona.

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya chombo hiki kidogo, kurunzi, au tochi kama wengi tunavyoiita. Tutazame jinsi ya kuichagua kwa fedha kidogo, ili iifae familia usiku wa mashaka. Kuna kurunzi za kila namna madukani na kwenye meza za wachuuzi, na maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi yake ni matamu kupita kiasi. Mfanyakazi mwenye mshahara wa kuhesabu hana fedha za kufanyia majaribio. Rahisi ghali, walisema wazee, na katika jambo hili walisema kweli tupu.

KAZI YA KURUNZI NI NINI?

Kabla ya bei tujiulize kwanza kazi. Kurunzi ya ulinzi wa nyumba ina kazi moja iliyo kubwa kuliko zote: kujibu swali, "Ni nani huyu?" Fikiri ni watu wangapi wanaoweza kugusa mlango wako usiku wa manane. Yupo kijana wako anayetoka zamu ya usiku kiwandani. Yupo mama muuguzi aliyeachiwa na wenzake kabla ya alfajiri. Yupo shemeji ambaye basi lake liliharibika njiani Chalinze. Yupo mpangaji mwenzako aliyekunywa akakosea chumba. Gizani hao wote wana umbo moja na mwizi. Panga halijui kuwatofautisha, wala rungu. Mwanga ndio unaojua.

Hilo si jambo la kufikirika tu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliokuwa umefungwa, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa maelezo yake alidhani humo mmeingia mwizi. Aliyekuwamo alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Mwezi Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya nchi hiyo ilimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Majaji walisema kwamba alijua nyuma ya mlango ule kuna binadamu, na kwamba risasi zile zingeweza kumwua. Kutomjua ni nani hakukumwondolea hatia. Funzo lake kwetu ni kwamba asiyejua aliyeko mbele yake hana haki ya kumdhuru kwa kukisia.

Huku kwetu wenye bunduki majumbani ni wachache, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 inawataka wawe na leseni. Lakini tunalo giza letu, nalo tunalijua vizuri. Sauti moja ya "Mwizi!" ikipigwa saa nane za usiku, mtaa mzima hutoka na mawe na marungu, na aghalabu hakuna hata mmoja aliyeuona uso wa anayekimbizwa. Kunapokucha ndipo hujulikana kwamba alikuwa mtoto wa mtu, mtaa wa pili.

TAA ILIYOFUNGWA KWENYE SILAHA

Nchini Marekani, ambako wananchi wengi huweka bastola majumbani, ipo biashara kubwa ya taa ndogo zinazofungwa chini ya mtutu. Wanaozisifu husema kwamba mtu hubaki na mkono mmoja huru, na kwamba hawezi kupiga asichokiona. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini itazame kwa jicho la mwenye watoto. Taa iliyofungwa kwenye mtutu humulika pale tu mtutu unapoelekea. Ukitaka kujua aliyesimama ukumbini ni nani, huna budi kwanza kumwelekezea bastola. Kama ni bintiye anayetafuta maji ya kunywa, baba huyo amekwisha kumlenga mwanawe kabla ya kumtambua.

Tena katika hofu vidole havina akili. Mwaka 2010, katika mji wa Plano, jimbo la Texas, askari polisi alieleza kwamba alikusudia kuminya swichi ya taa iliyofungwa kwenye bastola yake, kumbe akaminya kifyatulio. Mtu aliyekuwa mbele yake akafa. Huyo alikuwa mtu mwenye mafunzo ya silaha. Je, mimi na wewe tulioamshwa usingizini?

Madukani kwetu taa ya namna hiyo imekuja kwa sura nyingine. Zipo kurunzi zilizoundwa kama rungu refu la chuma, na zipo zenye kutoa shoti ya umeme kwenye ncha. Muuzaji atakwambia, "Hii, bosi, ni taa na silaha pamoja." Usivutwe. Fedha iliyotiwa kwenye shoti imepunguzwa kwenye taa, kwenye betri na kwenye swichi. Zaidi ya hayo, chombo hicho kitakaa mahali ambapo kila mtu wa nyumba anakifikia, wakiwamo watoto, na mtoto hawezi kuona kitufe asikiminye. Kurunzi ya familia ibaki kurunzi, ishikwe kwa mkono peke yake, iweze kumulika sakafu, dari au uso wa mtu bila kumtishia yeyote.

MWANGA: USIDANGANYWE NA TARAKIMU

Sasa tuje dukani. Nguvu ya mwanga wote unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni. Ili upate kipimo kichwani, kumbuka globu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa ikiangaza sebule nzima: hiyo ilitoa karibu lumeni 800. Sasa mchuuzi anakuonyesha kurunzi inayoingia mfukoni, na boksi lake limeandikwa lumeni 50,000. Piga hesabu. Hizo ni globu zaidi ya 60 ndani ya kiganja chako. Hata kwa taa nzuri za LED, zitoazo kama lumeni 150 kwa kila wati, mwanga huo ungehitaji zaidi ya wati 330, yaani karibu theluthi ya nguvu ya pasi ya umeme. Ungeunguza mkono, na betri ingekwisha kabla hujafika mlangoni. Kwa hiyo tarakimu hiyo ni ya uongo, na mtengenezaji aliyedanganya juu ya lumeni hawezi kuaminiwa juu ya betri.

Kwa chumba na ukumbi, lumeni 100 hadi 200 za kweli zinatosha. Mwanga mkali mno ndani ya chumba chenye kuta nyeupe hurudi ukakupofusha mwenyewe. Jicho la mwanadamu huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza barabara, na mwako mmoja mkali hufuta mazoea hayo mara moja. Kwa uani, lumeni 200 hadi 300 zenye mwale uliokusanyika kiasi zitakufikisha kwenye banda la kuku, kwenye choo cha nje na kwenye lango.

Maboksi ya watengenezaji waangalifu huwa na alama ya kipimo kiitwacho FL1, kilichoanza kutumika mwaka 2009. Yafaa ujue maana yake, maana hata ukweli wake unahitaji kufasiriwa. Umbali ulioandikwa, tuseme mita 100, ni ule ambapo mwanga umebaki sawa na mbalamwezi tu. Mbalamwezi yatosha kuona kwamba kuna kitu. Haitoshi kuutambua uso. Hivyo gawa umbali huo kwa 4. Kurunzi ya mita 100 itakuonyesha mtu ni nani kwa mita 25 hivi, nao ni umbali unaotosha kabisa kwa viwanja vyetu. Vivyo hivyo, muda ulioandikwa, tuseme saa 20, huhesabiwa mpaka mwanga ushuke ukabaki sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa mwanzo. Usidhani utapata mwanga kamili kwa saa zote hizo.

SWICHI: JAMBO LINALOSAHAULIKA

Wengi hununua mwanga wakasahau swichi. Kurunzi za siku hizi hupenda kuwa na hali nyingi: mwanga mkali, mwanga wa kati, hafifu, kuwakawaka, na hata ishara ya kuomba msaada baharini. Mkononi mwa mtu aliyeshtuka usingizini hizo zote ni balaa. Ataminya mara ya kwanza, taa ianze kuwakawaka kama ya ukumbi wa dansi. Ataminya tena, ibaki kama kimulimuli.

Chagua ile ambayo mara moja ni kuwaka kwa mwanga wake mkubwa, na mara nyingine ni kuzimika. Ikiwa lazima iwe na hali nyingi, basi ya kwanza iwe ile kali, isiwe ya kuwakawaka. Swichi iweze kupatikana kwa kupapasa, na iwe ngumu kiasi cha kutojiwasha yenyewe ndani ya mtoto wa meza. Kisha mpe mama aishike, mpe na bibi kama yupo nyumbani. Kurunzi ambayo baba peke yake ndiye anayeweza kuiwasha si ya familia.

BETRI: HAPA NDIPO FEDHA INAPOPOTEA

Kurunzi ya ulinzi hungoja zaidi kuliko inavyofanya kazi. Inaweza kukaa miezi miwili bila kuguswa, kisha itakiwe kwa dakika tano tu. Kwa hiyo swali si "Inachajiwa au haichajiwi?" bali ni "Baada ya miezi miwili, itawaka?"

Zile kurunzi za bei nafuu zenye meno ya kuchomeka moja kwa moja ukutani nyingi zina ndani yake betri ndogo ya risasi, ndugu wa betri ya gari. Betri ya namna hiyo ikiachwa bila chaji huharibika kabisa, na haiwezi kubadilishwa kwa urahisi. Ukiwa nayo, ichaji kila mwezi bila kukosa. Vinginevyo umeweka chuma tupu kando ya kitanda.

Zile za betri ya lithiamu, ya mviringo kama kidole kinene, ni nzuri zikiwa za kweli. Ile iitwayo 18650 ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zitokazo kwenye viwanda vinavyoaminika huwa na ujazo wa kati ya mAh 2,000 na 3,600, na uzito wa gramu 45 hivi. Ukiona imeandikwa mAh 9,900, na mkononi ni nyepesi kama ganda la karanga, irudishe. Na usichaji betri hizi chini ya mto au juu ya godoro, maana zikiharibika huweza kuwaka moto.

Kwa kurunzi ya kungoja, mimi naishauri familia yenye fedha kidogo ichukue ile ya betri kavu za kawaida za AA, na itiwe betri za alkalini. Hizo hutunza nguvu kwa miaka, na zikiisha hupatikana kwenye kila kioski. Betri za bei ya chini kabisa huvuja mapema, maji yake yakala shaba ya ndani. Hata za alkalini zikague kila baada ya miezi mitatu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kurunzi ya kwanza ni shilingi 5,000, na betri yake ya ndani inakufa kila baada ya miezi sita. Kwa miaka mitatu utanunua sita, jumla shilingi 30,000. Tuseme ya pili ni shilingi 15,000, na kila miezi sita unatia betri mbili kwa shilingi 2,000. Kwa miaka mitatu umetumia shilingi 27,000. Tofauti ya fedha si kubwa. Lakini ile ya kwanza imekufia mara sita, na hukujua ni usiku gani ingekufa.

KABLA HUJALIPA

Usione haya kumsumbua muuzaji. Kuuliza si ujinga, na fedha ni yako. Fanya mambo haya matano palepale dukani:

Kwanza, iwashe na kuizima mara 20 mfululizo. Ikikataa hata mara moja, iache.

Pili, igonge taratibu kwenye kiganja ikiwa inawaka. Mwanga ukitetemeka au ukakatika, maungio ya ndani ni mabovu.

Tatu, fungua kifuniko cha betri. Nyuzi za kufungia ziwe laini, na pawe na pete ya mpira ya kuzuia maji. Alama ya IPX4 maana yake ni kwamba inastahimili maji ya kurushiwa, nayo inatosha kwa mvua zetu za masika.

Nne, imulike ukutani kutoka hatua tano. Utake duara lenye mwanga mzuri katikati na mwanga hafifu kuzunguka. Katikati pasiwe na kivuli cheusi.

Tano, iache iwake dakika kumi huku mkizungumza bei. Ikififia upesi au ikapata moto wa kuunguza, umejua mapema.

MAHALI PAKE NA MATUMIZI YAKE

Ukifika nyumbani, ipe kurunzi hiyo mahali pamoja pasipobadilika: msumari au kulabu kando ya kitanda, kwa urefu ambao mkono huufikia mtu akiwa amelala. Iwe na amri moja tu: haiazimwi, haichezewi, betri zake haziendi kwenye redio. Kwa safari za chooni na kazi za kila siku itumike nyingine, hata ile mbovu. Simu nayo ina taa, lakini simu usiku huo ina kazi yake ya kupiga polisi kwa namba 112 au kumwita jirani. Usiifanye moja ifanye kazi mbili wakati ambapo huwezi kukosa hata moja.

Kisha familia ikae pamoja jioni moja na kupatana. Ukisikika mshindo, watoto waende chumba kipi? Nani anapiga simu? Anayerudi usiku atabisha kwa namna gani, na atasema neno gani? Kijana wa zamu ya usiku akizoea kupiga simu akiwa bado njiani, umekwisha kupunguza nusu ya hatari.

Na usiku wenyewe ukifika, usikimbilie kufungua mlango. Kaa ndani, komeo likiwa mahali pake. Washa taa ya nje kama ipo. Mulika kupitia dirishani, tazama uso, tazama na mikono. Uliza kwa sauti kubwa, "Nani wewe? Taja jina!" Mtu wa nyumbani atajibu. Mwizi aliyemulikwa na kuitwa, mara nyingi, hukimbia. Naye akikimbia mwache akimbie, piga yowe, waite majirani na walinzi wa mtaa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kulinda mali yako, lakini kwa nguvu za kiasi kinachohitajika tu. Anayekimbia na redio yako hajakupa ruhusa ya kumwua.

Na ndani ya nyumba, unapotaka kujua ni nani anayetembea ukumbini, mulika kwanza dari au sakafu. Mwanga utasambaa chumba kizima, nawe utaona bila kumpofusha mwanao aliyeamka kwa kiu.

Ndugu msomaji, redio ikiibiwa, mshahara wa miezi michache utairudisha. Lakini pigo lililompata mtu asiye na hatia hakuna mshahara unaolirudisha, wala hakuna samahani itakayomwinua. Usiku wa leo, kabla hujalala, tazama kando ya kitanda chako. Kama panga lipo na kurunzi haipo, basi ulinzi wa nyumba yako una mikono tu. Bado hauna macho.

Jumapili ijayo tutazungumzia makomeo na kufuli: ipi inazuia mwizi, na ipi inamchelewesha mwenye nyumba siku ya moto.